Beri Zilizovikwa Sukari: Namna ya Kuziandaa kwa Ajili ya Sikukuu

Miongoni mwa vitamutamu vinavyoandaliwa kwa ajili ya sikukuu za mwisho wa mwaka, ni vichache vinavyohitaji vitu pungufu kuliko beri zilizovikwa sukari, na ni vichache pia vinavyoharibika upesi mikononi mwa mtu mwenye haraka. Vitu vyenyewe ni vitatu tu, yaani beri, sukari na maji. Hakuna unga wa kukanda wala tanuri ya kuwasha, na jiko lenyewe hutumika kwa dakika chache. Hata hivyo wengi hupata sinia la beri zilizozungukwa na rojorojo ya sukari iliyolowa, au beri zenye mabaka, upande mmoja mweupe na upande mwingine mtupu. Chanzo cha matatizo yote mawili ni unyevu ulio juu ya ganda la tunda. Ukizidi, sukari huyeyuka. Ukikosekana, sukari huteleza na kudondoka. Kazi yote inayoelezwa hapa ni kulifikisha tunda kwenye hali ya katikati, ambapo linanata bila kulowa, na kulifikisha huko bila kulipasua.

Beri za kuchagua

Beri inayofaa kuliko zote ni kranberi, tunda dogo jekundu lenye asili ya Amerika ya Kaskazini, ambalo huvunwa kati ya Septemba na Novemba na kwa hiyo hupatikana likiwa bichi wakati uleule ambapo watu wanajiandaa kwa sikukuu. Uchachu wake hauko mbali na ule wa limau, na ni watu wachache wanaoweza kulila peke yake bila kukunja uso. Huo ndio uzuri wake katika mapishi haya. Unapoitafuna beri iliyovikwa sukari, kwanza meno hukutana na ukakasi wa chembe tamu, kisha ganda hupasuka, na maji machachu hutoka na kuukata utamu kabla haujachosha. Tunda ambalo tayari ni tamu haliwezi kutoa mgongano huo, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuitafuta kranberi kabla ya kufikiria beri nyingine.

Kuna jambo la kimaumbile ambalo mwandaaji anapaswa kulijua. Ndani ya kila kranberi kuna vyumba vinne vidogo vilivyojaa hewa, na ndiyo maana tunda hilo huelea majini. Wakulima hulitumia umbile hilo kwa kuyafurika mashamba maji na kuyakusanya matunda yanayoibuka juu. Jikoni, umbile hilohilo huleta mambo mawili: beri zitaelea katika shira badala ya kuzama, na zikipata joto kali, hewa na mvuke vilivyomo ndani hutanuka na kulipasua ganda. Mambo yote mawili yatarejewa mbele, kwa sababu hatua kadhaa zinatokana nayo.

Chagua beri ngumu, zenye kung'aa, zisizo na mikunjo. Beri nzuri ikidondoshwa juu ya meza kutoka urefu wa kiganja hurukaruka, lakini iliyozeeka hutua na kubaki palepale. Toa bila huruma kila beri laini, yenye doa la kahawia au yenye ufa, hata kama ufa ni mdogo kiasi gani, kwa sababu beri moja inayovuja huwalowesha jirani zake na kuitia sukari rangi ya waridi. Rangi ya beri yenyewe haina uzito mkubwa. Zilizoiva sana huonekana kama zambarau iliyokolea chini ya tabaka la sukari na zile changa huonekana nyekundu isiyokolea, na mchanganyiko wa rangi hizo sinia moja hupendeza macho.

Beri zilizogandishwa hazifai. Maji yaliyo ndani ya tunda yakigeuka barafu huzipasua chembechembe za nyama yake, na tunda likiyeyuka hubaki laini na lenye kutoa majimaji kwa saa nyingi. Hakuna kiasi cha ukaushaji kinachoweza kurekebisha hilo, kwa kuwa unyevu huendelea kutoka ndani hata baada ya sukari kuwekwa.

Kama kranberi mbichi hazipatikani, zabibu ndogo ngumu zisizo na mbegu hufanya vizuri, hasa zikiachwa na vikonyo vyake. Bluberi pia hukubali, ila ganda lake lina utando wa nta unaoisukuma shira, hivyo ni lazima kwanza zioshwe kwa maji ya uvuguvugu na kupanguswa taratibu kwa kitambaa mpaka ule ukungu mweupe upungue. Rasiberi na stroberi ni laini mno kwa njia hii. Zinaweza kunyunyiziwa sukari dakika chache kabla ya kuliwa, lakini haziwezi kusubiri.

Onyo moja ni la lazima hapa. Msimu wa sikukuu una matunda mengi mekundu ya mapambo ambayo kwa macho yanafanana na chakula na sivyo. Matunda ya mti wa holi, ujulikanao kisayansi kama Ilex aquifolium, ni sumu, na vivyo hivyo matunda ya Nandina domestica, kichaka kinachopandwa sana bustanini kwa uzuri wake. Tumia tu beri zilizouzwa kama chakula, na usizipange beri zako juu ya matawi ya mapambo yenye matunda yake, kwa maana mtoto au mgeni hataweza kuzitofautisha zikishachanganyika.

Vipimo na vyombo

Kwa gramu 340 za kranberi, ambazo ni kama vikombe vitatu na kidogo, tayarisha gramu 200 za sukari na mililita 240 za maji kwa ajili ya shira, kisha gramu nyingine 200 za sukari kwa ajili ya kufunikia. Sehemu ya sukari hiyo ya mwisho itabaki. Usijaribu kuibana, kwa sababu beri zinazoviringishwa katika sukari kidogo hutoka na mabaka.

Sukari ya kufunikia inastahili kufikiriwa vizuri. Sukari laini, yenye chembe ndogo kuliko za sukari ya kawaida lakini isiyo unga, hushika vyema na kufunika kila mahali. Isipopatikana, weka sukari ya kawaida ndani ya blenda kavu na uizungushe kwa sekunde chache tu, ukikatisha mara kwa mara. Ukiendelea zaidi utapata unga. Sukari ya unga inayotumika kupambia keki haifai kabisa, kwani chembe zake ni ndogo mno, hunyonya unyevu papo hapo na kuacha utando mweupe usio na mng'ao. Wanaopenda mng'ao mkubwa zaidi wanaweza kuwa na vijiko viwili au vitatu vya sukari yenye chembe kubwa kwa ajili ya mviringisho wa mwisho.

Vyombo ni sufuria ndogo, bakuli, kijiko chenye matundu, sahani mbili pana zenye kina kifupi, na waya wa kupoozea keki uliowekwa juu ya trei. Waya huo ni muhimu. Beri zikikaushwa juu ya karatasi au sahani, shira hutuama chini yake na kuacha upande mmoja ukiwa umelowa. Zikiwa juu ya waya, hewa huzifikia pande zote na matone hudondokea chini. Kama matundu ya waya ni makubwa kiasi cha kuzipitisha beri, weka waya wa pili juu yake kwa kukingamisha.

Kupika shira

Osha beri kwa maji baridi, zichuje, kisha zitandaze juu ya kitambaa safi na uziache zikauke kabisa. Maji ya kuoshea yakibaki juu ya ganda huipunguza nguvu shira mahali hapo.

Weka sukari na maji ndani ya sufuria juu ya moto wa wastani, ukikoroga mpaka chembe zote ziyeyuke na maji yawe angavu. Mapovu madogo yakianza kuonekana pembeni, acha dakika moja, kisha ondoa sufuria motoni. Hakuna haja ya kuchemsha zaidi, na kuna sababu nzuri ya kutofanya hivyo: shira inayotakiwa hapa ni nyepesi, ya kulipaka tunda utando mwembamba. Ikichemka muda mrefu hupoteza maji, huwa nzito, na utando wake hubaki mnene na wenye kuteleza. Mapishi haya ni tofauti kabisa na yale ya matunda yanayochovywa katika sukari iliyopikwa hadi nyuzi joto 150 na kugeuka gamba gumu kama kioo. Huko tunahitaji sukari isiyo na maji, huku tunahitaji maji yanayobeba sukari.

Ukitaka kuongeza harufu, hapa ndipo mahali pake. Kijiti cha mdalasini, karafuu mbili, vipande vichache vya tangawizi au ganda la chungwa lililomenywa bila ile sehemu nyeupe chungu, vinaweza kuachwa ndani ya shira wakati inapoa, kisha vichujwe. Napendelea ganda la chungwa, kwa kuwa linaendana na uchachu wa kranberi bila kuufunika. Karafuu, kinyume chake, ikizidi mbili hutawala kila kitu.

Sasa subiri. Shira inayochemka ikimwagwa juu ya kranberi huzipasua nyingi ndani ya dakika moja, kwa sababu ile ya vyumba vya hewa iliyotajwa mwanzoni. Iache ipoe mpaka iwe na uvuguvugu ambao unaweza kuuvumilia bila shida ukishika bakuli kwa mikono miwili. Kwa kawaida hilo huchukua dakika 15 hadi 20. Usiionje shira wala kuijaribu kwa kidole ikiwa ingali moto, kwa kuwa shira hung'ang'ania ngozi na kuunguza vibaya kuliko maji ya joto lilelile.

Kuloweka

Tia beri ndani ya shira ya uvuguvugu na uzigeuze polepole kwa kijiko ili kila moja ilowe. Kuna njia mbili kuanzia hapa. Ya kwanza ni ya haraka: beri hukaa humo dakika 10 hivi, huku ukizigeuza mara kwa mara, kisha huchujwa. Ganda litapata utando wa sukari, lakini ndani tunda litabaki na uchachu wake wote. Ya pili ni ya kuziacha usiku mzima ndani ya friji, shira ikiwa imeshapoa. Kwa kuwa beri huelea, weka sahani ndogo juu yake ili izikandamize chini ya shira, la sivyo nusu ya juu ya kila beri haitaguswa.

Tofauti ya ladha kati ya njia hizi ipo, ingawa si kubwa, kwani ganda la kranberi ni gumu na halipitishi sukari kwa urahisi. Kwa watoto wakubwa na wageni wasiozoea vitu vichachu, njia ya usiku mzima ni bora. Kwa anayependa mshtuko wa uchachu, dakika 10 zinatosha. Yeyote atakayechagua ya kwanza hapaswi kujiona kwamba amekata kona. Hatua ambayo haikubali kufupishwa ni ile inayofuata.

Kukausha, hatua inayoamua yote

Ziopoe beri kwa kijiko chenye matundu, uache shira ichuruzike vizuri kwa sekunde kadhaa, kisha uzitandaze juu ya waya zikiwa zimeachana. Zisigusane, kwa maana mahali zinapogusana shira hukusanyika na haikauki. Ziache katika chumba chenye hewa kavu kwa muda wa saa moja.

Ni vyema kuelewa kinachotokea katika saa hiyo, kwa kuwa anayekielewa hatahitaji kuangalia saa. Katika joto la kawaida la chumba, gramu 100 za maji zinaweza kuyeyusha takriban gramu 200 za sukari. Shira yetu ina sukari pungufu sana kuliko kiwango hicho. Ina njaa ya sukari, kwa namna ya kusema, na sukari yoyote itakayoigusa wakati huu itayeyushwa mara moja. Hivyo ndivyo ile rojorojo inavyozaliwa. Lakini kadiri maji yanavyopotelea hewani, utando ulio juu ya ganda huzidi kukolea, mpaka unakaribia kiwango ambacho hauwezi tena kuyeyusha kitu. Hapo huwa mzito na wenye kunata, na chembe za sukari zitakazotua juu yake zitashikwa zikiwa nzima, zikiwa bado na pembe zake zinazong'aa.

Kipimo cha utayari ni kidole. Gusa beri taratibu: ikiacha tone la majimaji kidoleni, bado, ikinata kama gundi ya bahasha iliyoloweshwa kidogo, na beri ikainuka kidogo pamoja na kidole kabla ya kuachia, iko tayari. Ikiwa kidole hakishikwi kabisa, umechelewa, lakini hakuna lililoharibika. Zirudishe beri ndani ya shira kwa dakika moja, zichuje, na uanze kukausha upya.

Muda wa saa moja ni makadirio tu. Siku ya mvua au katika chumba chenye sufuria zinazotoa mvuke, inaweza kuchukua saa mbili au zaidi. Feni inayopuliza kwa mbali husaidia sana, na chumba kingine chochote cha nyumba mara nyingi ni kikavu kuliko jiko lenyewe. Usizitie beri ndani ya tanuri ili kuharakisha mambo, hata kama moto ni mdogo, kwa sababu joto hulilegeza ganda na kulifanya litoe maji. Wala usizipeleke kwenye friji, ambako hewa baridi itazifanya zitoe jasho mara tu zitakapotolewa.

Kuviringisha katika sukari

Weka sukari laini katika sahani mbili badala ya moja. Tia beri chache, pengine 15 au 20 kwa wakati mmoja, katika sahani ya kwanza, na uitikise sahani kwa kuizungusha ili beri zijiviringishe zenyewe. Vidole hubandua utando na kuacha alama, hivyo visitumike ila pale ambapo beri imekataa kufunikwa. Zikishapata tabaka la kwanza, zihamishie sahani ya pili yenye sukari kavu isiyoguswa na uzizungushe tena. Sahani ya kwanza hupata unyevu na madonge kidogo kidogo. Ya pili hubaki safi na ndiyo inayotoa umaliziaji mzuri. Anayetumia sukari ya chembe kubwa aichanganye katika sahani hii ya pili.

Zirudishe beri juu ya waya mkavu au karatasi ya kuokea na uziache kwa saa moja au mbili, mpaka tabaka la sukari liwe gumu na beri zigongane kwa mlio mkavu zinapomiminwa bakulini. Baada ya nusu saa zikague: zile zilizoanza kuonyesha madoa ya unyevu ziviringishe mara nyingine. Mviringisho huu wa tatu huokoa nyingi ambazo zingetupwa.

Ipo njia nyingine ya zamani inayotumia ute wa yai badala ya shira: tunda hupakwa ute uliopigwa kidogo kwa brashi, kisha hunyunyiziwa sukari. Hufaa kwa zabibu na kwa vitawi vya rozmari vya kupambia, na hutoa tabaka gumu linalong'aa sana. Lakini ute mbichi unaweza kuwa na bakteria wa salmonela, na chakula hiki hakipikwi baadaye, kwa hiyo anayechagua njia hiyo kwa vitu vitakavyoliwa atumie ute uliopasteuriwa, yaani uliopashwa joto kiasi cha kuua bakteria, au ute wa unga uliokorogwa na maji. Wajawazito, wazee na watoto wadogo ndio walio hatarini zaidi. Rozmari pia hukubali njia ya shira ileile iliyoelezwa hapa, na hukauka haraka kuliko beri.

Kutunza na kuandaa mezani

Beri hizi huwa bora zaidi katika siku ile zilipotengenezwa na siku inayofuata, kwa hiyo wakati mzuri wa kuziandaa ni mkesha wa sikukuu. Zikiwekwa katika bakuli lililofunikwa kwa karatasi tu, mahali pakavu na penye ubaridi kiasi, hudumu siku mbili hadi tatu. Chombo chenye kifuniko kinachobana hufungia ndani unyevu unaotoka kwenye matunda, nao huishia kuyeyusha sukari. Anayezitoa kama zawadi azitie katika koni ya karatasi au chupa yenye mdomo mpana iliyofunikwa kwa kitambaa, na amwambie mpokeaji azile mapema.

Ukizitumia kupamba keki, ziweke dakika za mwisho kabla ya kuipeleka mezani. Juu ya krimu laini, sukari ya upande wa chini huanza kuyeyuka baada ya muda mfupi na rangi nyekundu kuingia ndani ya krimu. Juu ya krimu nzito ya siagi au chokoleti iliyokauka hukaa vizuri zaidi. Peke yake bakulini, kando ya jibini au karanga zilizochomwa, hazihitaji pambo lolote.

Watoto wadogo wasipewe beri wala zabibu nzima, kwa kuwa ukubwa na umbo lake vinaweza kuziba koo. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitano, kata zabibu vipande vinne kwa urefu, na kranberi nazo zikatwe badala ya kutolewa nzima.

Shira iliyobaki imechukua rangi ya waridi na uchachu kidogo wa beri, na ni hasara kuimwaga. Ichuje, itie katika chupa safi iliyofunikwa na uiweke kwenye friji, ambako itakaa vizuri kwa wiki moja. Vijiko viwili katika glasi ya maji baridi yenye gesi au kikombe cha chai vinatosha. Sukari iliyobaki sahanini ichekechwe ili kuondoa madonge, itandazwe ikauke, na itumike siku chache zijazo kunyunyizia biskuti kabla ya kuziingiza tanurini.